Ng'ombe Wanne Ndani ya Simu

Jumanne, mwezi wa tatu. Mvua ndogo tangu asubuhi, ukungu juu ya Karuba yote. Askari walikuwa wamefunga tena njia ya Sake, kwa hiyo yule binti fundi wa programu, aliyetoka Goma, alishindwa kurudi akalala kwetu.

Alikuja na simu ya kumpasha muganga wa ng'ombe habari bila kuandika: mufugaji anabonyeza picha tu. Picha nne nilizichora mimi, kwa sababu nachoraka vibao vya maduka. Sijui kama hiyo inatosha kuwa sababu. Tulipatana hivi: dada yangu mukubwa, ambaye hakusoma, akizijua zote, simu inabaki kwake. Akishindwa, inaenda kwa sekretere wa komite ya wafugaji, anayejua Kifaransa lakini hana hata mbuzi.

"Mama, ng'ombe iko mugonjwa. Bonyeza," fundi alisema.

Dada akabonyeza ile yenye kuinamisha kichwa. Hiyo nilikuwa nimeichora ikikula majani, maana yake "salama". Mugonjwa wangu alikuwa amelala chini.

"Huyu wa kulala ameshiba, anacheua," dada alisema. "We kaka, ulikomalia wapi, si hapa kwenye ng'ombe?"

Tulicheka sana. Lakini niseme haki: fundi naye alidhani wa kulala njo mugonjwa, na Goma wengi wangedhani vile. Tena kwenye kioo kidogo cha simu zote zilifanana, miguu minne na mkia.

Nikachora upya, dada akiniongoza. Salama: amelala. Mugonjwa: amesimama, kichwa na masikio yameanguka. Amezaa: ndama ananyonya. Kwa anayetaka dume, dada alisema nichore jike amepanda mugongo wa mwenzake, maana njo vile wanafanyaka.

Fundi akafunika uso. "Mama, hii wakubwa wangu wataiona ku biro, kule Goma."

"Ku biro wanazalishaka ng'ombe?"

Nikaichora. Ukungu ulipofunguka, fundi akaondoa rangi zote, akapunguza picha zikawa kama mbegu za maharagi, akamupeleka dada nje kwenye jua. Kila moja ilibaki na umbo lake. Alimuuliza kwa kuchanganya, akarudilia, na dada hakukosa hata moja.

Jioni tulikula viazi na maharagi, na dada akakata fromaji, ile jibini ya maziwa aliyoiweka ya kuuza. Yeye alikula kwa mukono mumoja. Ule mwingine ulishika simu.