Nyota Tatu za Mama Kavugho

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, ukungu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, bado umelalia mabati, na Mama Kavugho Solange tayari ana ndoo mbili za maji ya moto mikononi. Anapita kibarazani miguu mitupu ili asiwaamshe waliolala. Mbele ya kila mlango anaacha ndoo moja, kifuniko juu yake, na taulo juu ya kifuniko.

Milango ni sita. Akimaliza wa mwisho ananyoosha mgongo na kusema kwa sauti ya chini, "Mugeni hapana kuomba maji. Akiamka, anayakuta. Akishaomba, mimi nimechelewa."

Mama Kavugho ana miaka hamsini na minane. Nyumba yake ya wageni iko mtaa wa Furu, na chumba pamoja na chai ya asubuhi ni dola kumi na mbili. Yeye ndiye mpokeaji, mpishi na mfuaji.

Kazi hii aliianzia Beni akiwa na miaka ishirini na mmoja, akifua shuka katika hoteli moja. Enzi hizo watalii walipita na viatu vizito, wakienda Mutwanga kuupanda mlima Ruwenzori. Baadaye vita vikawakatia njia. Kisha Ebola ikazuka Mangina mwaka 2018, ikaingia mjini Beni, na hoteli ikabaki na harufu ya klorini na wafanyakazi watatu. Mama Kavugho akarudi Butembo, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, akajenga chumba kimoja kimoja.

"Batu ba mbali, simu yao inabaambia: musiende kule," anasema huku akichochea kuni za mikaratusi. "Mimi niko kule! Na nafanya nini? Nafua shuka."

Zamani mgeni aliletwa na dereva wa lori au na padri. Leo anakuja akifuata simu. Miaka miwili iliyopita Mama Kavugho aliiweka nyumba yake kwenye ramani ya mtandao, akapiga picha mwenyewe: kitanda, vilima vya nyuma ya nyumba, sahani ya ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu. Wakaanza kuja wana wa Butembo wanaoishi ng'ambo, wakirudi kwa harusi. Wakaja wanunuzi wa kahawa.

Siku hizi kuna wasafiri wa aina nyingine pia. Hawataki hoteli kubwa. Wanataka kulala kwa watu, kuchuma kahawa pamoja na wakulima, na kuzituma picha kabla jua halijazama. Mwezi wa tatu, kampuni moja ya utalii ya Kampala ilimwandikia kwamba inatafuta nyumba Butembo kwa ajili ya vikundi vidogo, kila mwezi wa kiangazi. Sharti lilikuwa moja: nyumba iwe imepewa nyota nne au zaidi na waliolala humo.

Mama Kavugho alikuwa na tatu. Na mpaka siku hiyo, alikuwa akijivuna nazo.

"Nilisema ata ku kanisa," anakumbuka. "Bamama, nyumba yangu iko na nyota tatu! Bakapiga vigelegele."

Maoni yalikuwa thelathini na moja. Ishirini na sita kati yake yalitoa nyota tatu, wala hakuna hata moja kati ya hayo lililolalamika. Moja linasema: "Kitanda safi, maji ya moto, chakula kama cha mama yangu. Sikuona kosa." Chini yake, nyota tatu.

Habari ikafika kwa Delphin, kijana wa mtaani mwenye duka la kuchaji simu, ambaye hujiita mtaalamu wa mitandao. Alikuja mchana huohuo.

"Mama Solange, nakuwekea maoni makumi tano ya nyota tano kwa siku mbili," alisema. "Batu bote banafanya vile."

"Na hao batu makumi tano balilala wapi?"

"Hapana kulala, mama. Ni majina tu."

"Basi uwaambie hayo majina baje kwanza, nibapikie. Nyota ya kununua ni kama kunguni. Mugeni ataikuta mu shuka."

Delphin alicheka, akamwambia atakufa na tatu zake. Mama Kavugho akamjibu kwamba atakufa na shuka safi.

Jibu la kitendawili cha nyota hizo tatu alilipata wiki iliyofuata, kwa mgeni wake wa siku nyingi. Mwalimu Kataliko, mstaafu wa Beni, huja kila mwezi kutibiwa macho. Naye alikuwa mmoja wa wale ishirini na sita. Mama Kavugho alimwekea chai, kisha akavuta kiti, jambo ambalo halifanyi mgeni akiwa mezani.

"Mwalimu, miaka miwili unalala hapa. Chakula yangu iko mubaya?"

"Hapana ata kidogo, mama."

"Kitanda?"

"Nalala vizuri kuliko kwangu. Lakini usimwambie bibi yangu."

"Sasa juu ya nini uliniwekea tatu?"

Mwalimu aliweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyetukanwa. "Mama Solange, tano ni ya Mungu. Ine ni ya mwalimu. Tatu ni ya mwanafunzi wa kwanza. Mu miaka yangu yote darasani, sikupatia mutoto ata mumoja ishirini juu ya ishirini. Ata wangu wa kuzaa."

Mama Kavugho alicheka hadi chai ikamwagika. Ndivyo walivyosomeshwa watu wa huku: mtoto akileta kumi na nne juu ya ishirini nyumbani, baba anachinja kuku. Aliwapigia simu wageni wengine saba, na wote wakaimba wimbo uleule. Katekista mmoja wa Lubero alisema aliifikiria nyota ya nne, akaona ni kujipendekeza.

Njia rahisi ilikuwa kuwaomba wabadilishe. Mwalimu Kataliko alikataa kabla hajaombwa.

"Nikibadilisha, nitakuwa mwongo."

"Nani anakuomba?" alijibu Mama Kavugho. "Niende kuomba nyota kama mutu anaomba kura? Acha tatu yako pale pale. Lakini uandike ni tatu ya namna gani."

Mwalimu akavaa miwani na kuandika papo hapo: "Mimi ni mwalimu. Hii ni alama ya juu kuliko zote nilizotoa maishani."

Mama Kavugho naye akaanza kuyajibu maoni yote ishirini na sita, kwa kidole kimoja. Ilimchukua siku tatu. Kila jibu lilianza na asante, kisha likaeleza jinsi Butembo inavyopima watu. Mwishowe akaiandikia kampuni ya Kampala: "Hapa kwetu tatu ni sifa. Kama hamuamini, tumeni mtu alale usiku mmoja. Asiniambie yeye ni nani."

Walijibu baada ya siku tisa. Mtu atakuja kiangazi hiki, kabla hawajaamua. Siku hawakuitaja.

Tangu hapo, kila anayegonga geti anaweza kuwa ndiye. Delphin huja kuchungulia.

"Sasa mama utapika vizuri kwa kila mutu?"

"Na mbele nilikuwa napika vibaya?"

Mama Kavugho alifundishwa na mama yake kwamba mgeni haulizwi jina kabla hajala, na sheria hiyo hajaivunja. Daftari la majina linakaa jikoni hadi sahani zirudi tupu.

Saa kumi na mbili na nusu, mlango wa chumba cha nne unafunguka. Mwanamke aliyefika jana usiku na kwenda kulala moja kwa moja, mwenye Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka, Uganda, anaifunua ndoo ambayo bado inafuka mvuke. Anatoa simu na kuipiga ndoo picha. Delphin, aliyekuja na mkate, anamvuta Mama Kavugho nguo.

"Ni yeye! Mama, ni yeye!"

"Sijui. Bado hajala," anasema Mama Kavugho, na kukata mkate. Vipande vya mgeni huyo ni sawa na vya wengine.

Ukimwuliza Mama Kavugho mwenyewe angeipa nyumba yake nyota ngapi, hafikirii.

"Tatu." Anafuta kisu, anatazama matofali yaliyopangwa uani. "Ya ine nitaipata mwaka ujao, nikimaliza chumba cha saba, Kampala ipende isipende. Ya tano, mumwachie Mwenyewe."

Kisha anabeba sinia na kwenda kugonga chumba cha nne.