Tochi ya kuchaji aliyonunua kaka yangu machimboni: ilistahili bei yake?

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Mimi humu ni msomaji tu, sijawahi kuanzisha uzi. Shule yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie. Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na palipo na kosa langu nitasema ni langu.

Juzi mdau mmoja aliuliza kama tochi za LED za kuchaji zina thamani ya bei zinazouzwa. Wengi wamemwambia ni mbwembwe tu, anunue ya betri za kawaida.

Mimi nina jibu, ila ni refu kidogo. Linaanzia miaka ya tisini.

Wakati ule LED hatukuijua. Tochi ya kuchaji ilikuwa na glopu ndogo na betri nzito humo ndani. Ukiishika unajua umeshika kitu.

Nilikuwa nachimba dhahabu na kaka yangu Masanja, kwenye machimbo madogo njia ya Runzewe. Kwetu ni Shinyanga vijijini, upande wa Mwakitolyo. Yeye ndiye aliyenitoa nyumbani akanifundisha kazi.

Duara letu, yaani shimo la kuchimbia, lilikuwa refu kama nguzo tatu za umeme zikiunganishwa. Kule chini saa sita mchana ni giza la kushika kwa mkono.

Tulitumia mishumaa na tochi za betri za redio. Zile betri zilikuwa mateso. Zinalowa, zinavuja, zinakufa ukiwa katikati ya kazi. Kila bati pale kambini lilikuwa limeanikwa betri kama dagaa, watu wakitumaini jua litazirudishia nguvu.

Kaka akachoka. Akauza mbuzi wawili, tukaenda Ushirombo. Mke wake, Mama Kabula, aliyekuwa nyumbani na watoto, alisikia habari ya mbuzi akanuna wiki nzima. Yeye alikuwa anataka bati.

Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Kaka alipoomba tochi ya kuchaji hakuitoa kwanza. Akamuuliza, "Una umeme?"

"Sina, mama."

"Jenereta?"

"Sina. Jirani anayo."

"Basi jirani ndiye aje kununua."

Kaka alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa chumvi. Yule mama naye akacheka, ndipo akaitoa. Akatuingiza stoo, akafunga mlango, akaiwasha. Wakuu, nilisoma maandishi ya gunia lililokuwa ukuta wa mwisho, na mimi si msomaji wa haraka.

Akatuelekeza tusiiache ife kabisa, na tukichaji tuwe na subira. Hakutudanganya hata kitu kimoja. Wauzaji wa siku hizi wangejifunza kwake.

Kuchaji tulichaji kwenye banda la video pale senta, lililokuwa na jenereta. Chaji tulikuwa tunaihesabu kwa picha. Picha mbili za karate na moja ya Kihindi, inakutosha siku mbili za kazi ukiwa mwangalifu. Jenereta ilikuwa mikononi mwa jamaa mmoja mwenye mdomo. Kaka akitokea tu mlangoni, jamaa anatangaza watu wote wasikie, "Mpisheni Baba Tochi, mtoto anataka kunyonya."

Kaka hakukasirika. Alikuwa anaifuta vumbi kwa kanga kuukuu, anaitundika shingoni kwa kamba, anashuka nayo.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Mshumaa unakuonyesha mkono wako na jiwe lililo mbele ya pua. Ile tochi ilikuonyesha ukuta mzima. Ulikuwa unaona gogo la kuegemeza ukuta lililoanza kupasuka kabla halijakuangukia. Siku moja kaka alimulika mahali tulipokuwa tumepita karibu wiki mbili, tukaona mstari mwembamba wa mwamba mweupe, ule unaobeba dhahabu, ukipanda pembeni. Tulikuwa tunaupa mgongo siku zote hizo.

Mstari ule ndio uliomwezekea Mama Kabula nyumba. Kununa kukaisha.

Kwa hiyo hadi hapo, wakuu, bei ilikuwa imerudi. Wenye maduara ya jirani walikuja kuiazima, na kaka hakuwanyima.

Sasa sehemu iliyo ngumu kwangu.

Machimboni kulikuwa na desturi. Duara likilala siku kadhaa bila kazi, hakuna mtu kushuka mpaka mshumaa utangulie. Unauwasha, unausimamisha ndani ya kopo, unauteremsha kwa kamba polepole. Ukifika chini unawaka, shuka. Ukizimika njiani, hewa ni mbaya. Hewa ile haina harufu wala rangi. Moto ndio unaoijua.

Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Tulifunika duara kwa turubai. Siku ya tano jua likawaka, na kufika saa nne asubuhi wenzetu wa pembeni walikuwa wameshaanza kuvuta mawe.

Kaka alikuwa anatafuta kopo.

Mimi nilikuwa na haraka. Nikamwambia maneno haya, nayakumbuka kila moja: "Kaka, kopo la nini? Mulika tu, si unaona mpaka chini kweupe?"

Akamulika. Kweli, tuliona hadi mpini wa nyundo tuliyoiacha. Akasema, "Kweli bwana." Akafunga kamba, akashuka.

Juu tulikuwa mimi na mwenzetu Juma, mtu wa Kigoma. Kamba ikalegea. Tukaita, kimya. Nikachungulia, nikaona mwanga wa tochi umetulia ukutani, hautikisiki. Ulikuwa mzuri kama siku zote.

Nilitaka kushuka. Juma alinikamata mkono akanikalisha chini kwa nguvu. Akawasha mshumaa, akauteremsha kwenye kopo. Haukufika nusu, ukazimika. Akarudia, ukazimika palepale.

Tulimwaga maji, tukapepea kwa turubai ili hewa mbaya itoke, watu wa maduara mengine wakaja kusaidia. Ilichukua muda mrefu sana. Mshumaa ulipofika chini ukiwaka, Juma akashuka, tukamtoa kaka. Hapo sitaandika zaidi.

Tochi ilipanda naye, shingoni, inawaka. Sikuweza kuizima. Mtu mwingine ndiye aliyeizima.

Tukamzika nyumbani. Siku ya kuondoa matanga ndugu wakakaa kugawa vitu vyake. Baiskeli, shoka na koti vikapata wenyewe. Ilipofika zamu ya tochi hakuna aliyenyoosha mkono. Baba mdogo akasema itupwe chooni, kwa sababu imekula mtu. Watu wakaguna kukubali. Habari ilikuwa imeshasambaa kwamba Masanja aliuawa na tochi, kwamba aliiamini kuliko akili yake.

Hilo la akili yake ndilo lililonishinda.

Juma alikuwa amekuja msibani. Alinisikia siku ile, na muda wote alikuwa amenyamaza kwa ajili yangu. Akaniangalia, akainamisha kichwa. Ningenyamaza pia, tochi ingetupwa na neno langu lingekwenda nayo. Ila watoto wa kaka wangekua wakiambiwa baba yao alikuwa mjinga.

Nikasimama. Nikasema, "Tochi haijaua mtu. Kaka alikuwa anatafuta kopo la mshumaa. Mimi ndiye niliyemwambia aliache."

Baba mdogo alikaa chini. Nilisubiri kufukuzwa, na ningeondoka bila neno.

Mama Kabula alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake. Hakuinua sauti. Akasema, "Shemeji, mume wangu namjua. Nilikuwa najiuliza siku zote hizi kopo alilisahauje."

Kisha akauliza kama tochi bado inawaka. Nikasema inawaka.

"Basi ichukue wewe," akasema. "Na kila atakayekuuliza habari za tochi hiyo, umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Usipunguze."

Sijui kama huo ulikuwa msamaha. Sikuwahi kumuuliza, naye mpaka leo ananiita shemeji na ananipakulia chakula.

Nilirudi machimboni nayo. Ilifanya kazi miaka sita zaidi, betri ikabadilishwa mara moja tu na fundi redio wa Kahama. Haikuwahi kunizimikia chini. Na haikuwahi kushuka kabla ya kopo, wala kwangu wala kwa niliyemwazima. Asiyetaka kunisikiliza kwanza sikumpa.

Kwa hiyo mdau uliyeuliza, jibu langu ni ndiyo. Nunua. Za siku hizi za LED ni nyepesi, zinachajiwa kwa sola, mwanga wake ni mara nyingi ya ule wetu. Ningekuwa na moja wakati ule ningemwonea huruma mtu aliyeshika mshumaa. Thamani yake ipo.

Ila ujue umenunua mwanga. Itakuonyesha palipo na mwamba, palipo na gogo bovu, palipo na nyundo. Hewa haitakuonyesha. Kama unashuka mahali palipofungwa, iwe duara au kisima, tanguliza moto kwanza, hata wenzako wakikuona unachelewesha kazi.

Nimesema yote, sijapunguza.

Waliowahi kufanya kazi chini ya ardhi, mlikuwa mnapimaje hewa kwenu? Na wenye tochi za kuchaji, yako ina muda gani? Karibuni tuelekezane.