Maharage ya Sokoni Niliyoyaita Mbegu

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nimechoka kulibeba, ndiyo maana naandika. Jina niachieni.

Mimi ni mkulima, huku upande wa Matai. Kikundi chetu cha akina mama kilipata mbegu bora ya maharage, aina inayostahimili ugonjwa. Bwana shamba alituletea kidogo tu, tukaizalisha kwenye shamba la pamoja. Mavuno yakaletwa kwangu niyatunze mpaka msimu, kila mmoja agawiwe. Waliniamini. Mimi!

Nilipewa dawa ya kuchanganya, na mifuko isiyopitisha hewa. Nikasema nitafanya kesho. Mara msiba kijiji cha Muze, mara ulezi unataka kuvunwa. Siku nafungua magunia, mkono ukatoka na unga. Wadudu wamemaliza!

Badala ya kuwaambia wenzangu, nikapanda gari mpaka Sumbawanga, nikanunua sokoni maharage ya rangi ileile. Nikayachambua, nikagawa. Jamani! Wifi yangu, mjane wa kaka, alinishukuru sana, akapanda shamba lake lote.

Mvua zilipokolea, majani yakaanza kugeuka njano, kisha yakakauka. Alichovuna wifi hakikujaza hata debe. Watoto wakashindia uji mtupu, nikiwaona.

Kwenye mkutano wote wakamgeukia bwana shamba.

"Umetuletea mbegu za kutumaliza!"

Baba wa watu akanitazama. "Mama, ulizitunza kama nilivyokuelekeza?"

"Nilizitunza," nikajibu. Mbele ya watu wote!

Akafunga daftari lake, akawasha pikipiki. Hajarudi tena. Kikundi kimekufa, tumerudia maharage yetu ya zamani. Yanakauka kila mwaka, na mimi nang'oa mashina makavu kama wenzangu. Sina hata nguvu ya kulalamika.

Juzi wifi kaja na mfuko kichwani.

"Nitunzie wewe mbegu yangu, wifi. Hawa watu wa mbegu mpya siwaamini tena."

Nikaupokea. Nikauingiza ndani.

Wewe uliyekabidhiwa mbegu ya wenzio, usiseme kesho. Na ikiharibika, waambie siku hiyohiyo. Watakutukana, utalia, yataisha. Mimi nilinyamaza, na leo wifi ananiamini mimi kuliko yule aliyetuletea mbegu nzuri.

Hilo ndilo linalonimaliza.