Mzee Wembe Alipokuja Kunifunga Mikono

Usiku ule nililala na mkono wangu wa kulia juu ya mto wa pili, kama mgonjwa niliyeachiwa nimuuguze. Tulikuwa ugenini, kwenye mashindano ya kufuzu Olimpiki, na kesho yake nilikuwa nipigane na msichana wa Ayalandi. Atakayeshinda anapata tikiti. Atakayeshindwa anapanda ndege kurudi kwao na kutazama Olimpiki kwenye televisheni kama watu wengine. Waairishi walikuwa wamekuja na timu nzito, na huyu wangu ndiye aliyetajwa zaidi. Hata mezani kwetu wenzangu walibishana kama medali yake itakuwa ya fedha au ya dhahabu, nami nimekaa hapo hapo nakula wali. Mabondia ni watu wa ajabu. Wanakuzika ukiwa bado unatafuna.

Lakini sikuwa namwogopa Mwairishi. Nilikuwa nauogopa mkono wangu. Tangu mashindano yaanze, kila ikifika raundi ya pili ulikuwa ukifa ganzi. Nikirusha konde naliona limefika, ila silisikii. Nilikuwa nimeshinda mpaka hapo kwa mkono wa kushoto na maombi ya mama. Sikumwambia mtu. Daktari wa timu angejua, angenitoa, na kazi yote ingeishia hapo.

Usingizi ukanichukua, nikajikuta Nakuru, mlangoni mwa kibanda cha Mzee Wembe.

Mzee Wembe alikuwa kinyozi, na jioni akishafagia nywele za wateja alivuka barabara kuja ukumbini kutufundisha ndondi. Ndiye aliyenipandisha ulingoni nikiwa msichana peke yangu katika kundi la wavulana. Tulimzika msimu wa mvua, udongo ukiwa mzito mpaka waliokuwa wakijaza kaburi wakapokezana majembe. Ndotoni nalijua hilo. Najua kabisa kwamba amekufa, na bado nimekasirika kwamba amechelewa kufungua mlango.

Mlango unafunguka. Ndani kuna harufu ile ile ya poda na spiriti, na kioo kina ufa pale pale. Mzee amevaa koti lake jeupe. Kwenye kiti cha kunyolea ameketi msichana wa Ayalandi, amenyoosha mikono mbele, vidole amevipanua vyote. Mzee anamfunga bandeji. Anamfunga polepole, kimya, kama alivyokuwa akinifunga mimi, maana kwake ilikuwa mwiko mtu kuongea bandeji ikizunguka.

Wivu ulinishika, wivu wa kitoto kabisa. Nilitaka kumuuliza tangu lini amekuwa kocha wa Waairishi. Badala yake nikasema tu, "Mzee, huyo ndiye ninayepigana naye kesho."

Hageuki. "Huyu amenipa mikono," anasema. "Wewe umeificha."

Natazama, na kweli mikono yangu iko nyuma ya mgongo. Nataka kuitoa, haitoki. Kibanda si kibanda tena, ni ulingo, taa zinawaka kali, lakini nywele za wateja bado zimetapakaa chini na ninazikanyaga kwa viatu vya ndondi. Msichana yule yuko kona ya pili, anangoja, hana ubaya wowote usoni. Nafikiri labda naye ana mama anayemwombea. Mzee Wembe amesimama kwenye kona yangu. Nilifurahi kumwona upande wangu, nikataka kumkumbatia, lakini yeye ameshauvuta mkono wa kulia kutoka nyuma.

Umefungwa tayari, bandeji imekaza mpaka nyama imevimba pembeni. Anaifungua. Haiishi. Anafungua, anafungua, inarundikana chini pamoja na nywele. Anautazama mkono ulivyopauka, kisha ananitazama kwa jicho la utani, lile alilowatupia wateja waliojaribu kujinyoa nyumbani wakaja kwake kurekebishwa.

"Kinyozi hajinyoi, mama," anasema. "Panua vidole."

Nikaanza kulia. Ndivyo alivyoniambia kila jioni kabla ya kuanza kunifunga. Ukifungwa vidole vikiwa vimebanana, bandeji inaonekana imekaa sawa, lakini ukikunja ngumi inakukaba na damu haipiti. Kila bondia anajua. Mimi pia nilijua. Ila tangu mazishi sikumruhusu mtu kunifunga. Nilijifunga mwenyewe, kwa mkono mmoja na meno, nikivuta kwa hasira, vidole nimevibana bila kujua. Kocha Salim, aliyelelewa na Mzee Wembe kama mimi na sasa ndiye kocha wetu, aliniomba kabla ya kila pambano anifunge yeye. Kila mara nilimwambia asante, nimezoea. Niliona nikimpa mtu mwingine mikono yangu nitakuwa nimemzika Mzee mara ya pili.

Napanua vidole. Hewa inapita katikati yake. Namuuliza kama nitapata medali, naye anacheka kidogo, anachukua ufagio. Anafagia nywele na bandeji kuelekea mlangoni, na taa za ulingo zinakwenda nazo.

"Msalimie Salim," anasema akiwa ameshanipa mgongo.

Niliamka kumekucha, mto umelowa machozi. Nikaketi kitandani nikapanua vidole, nikakunja, nikapanua tena, nikicheka peke yangu kama mwehu. Mkono haukuwa na ugonjwa wowote. Wasiwasi wote niliokuwa nimeubeba ulinitoka, nikapiga miayo mikubwa ya mtu aliyelala vizuri. Wenzangu walikuwa bado wanabishana kuhusu medali ya Mwairishi tulipokunywa chai, nikawaomba wanipitishie mkate.

Kwenye chumba cha kuvalia Kocha Salim alikuja na bandeji, akaniuliza kama kawaida, na nikaona ameshajiandaa kukataliwa. Nikaketi, nikamnyooshea mikono yote miwili. Alisimama kidogo kama hajaelewa. Kisha akavuta kiti.

"Panua vidole," akasema.

Maneno hayo alikuwa ameyatoa kule kule nilikoyatoa mimi. Nikapanua. Hatukusema neno mpaka alipomaliza, akanipiga kofi dogo kiganjani kama alivyofanya Mzee, akauliza kama inabana. Nikakunja ngumi na kungoja ganzi. Haikuja. Nilivisikia vidole vyote, mpaka kile kidogo.

"Haibani," nikamwambia. "Na Mzee Wembe anakusalimu."

Akainama kutafuta glavu zangu, ambazo zilikuwa mezani mbele yake, akakaa ameinama hivyo mpaka tulipoitwa ulingoni.