Vifaru Nilivyochora Ukutani

Juzi, kwenye foleni ya sukari duka la ushirika Temeke, redio ilitangaza kuwa vifaru vitatu vya adui vimeteketezwa. Tukaruka kwa vifijo! Mkaa wa kuhesabia vifaru kwenye ukuta wa duka nilikuwa nao mie. Nikaongeza vitatu kwenye vile vya siku zilizopita, ukuta ukajaa.

"Wamekwisha hao!" nikapiga kelele.

Mama mmoja, ambaye mwanawe yuko vitani, akaniuliza: "Kama wamekwisha, baba, mbona wiki nzima vijana wetu hawajavuka mto ulio mbele yao?"

Nikakiri, Mungu anisamehe. Taarifa ya asubuhi husomwa tena mchana na jioni, na kila iliposomwa nilichora vifaru vilevile upya.

Yule mama akafuta zaidi ya nusu kwa ncha ya kanga. "Hivi ulivyovizidisha," akasema, "bado vinamlenga mwanangu."

Jana redio ilipotangaza ushindi mwingine niliruka vilevile, ila mkaa niliuacha jikoni. Mikono yote miwili nilikuwa nimeiinua kumwombea kijana wa yule mama.