Nilivyokuwa proxy wa jirani kwenye mkutano wa jengo, na fomu yake ikanifunga mikono

Wakuu, habari za weekend.

Mimi humu huwa nasoma tu na kuondoka. Ila hili lilinitokea mwenyewe, nimelitoa kwenye daftari langu, na sijaongeza chumvi.

Nina miaka kumi na nane, niko matric, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari. Tunakaa Troyeville, Johannesburg. Nina aibu sana. Mama husema salamu yangu inabidi uisogelee ndiyo uisikie.

Kwenye jengo letu kuna Mama Neema, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani. Anashona sare za shule sebuleni. Flat ni yake, kwa hiyo ana kura kwenye mkutano wa wenye flat.

Mwezi uliopita ikabandikwa karatasi mlangoni: Jumamosi tutapigia kura kanuni mpya, hakuna mashine za kazi ndani ya flat. Ikipita, hana pa kushonea.

Na Jumamosi hiyo alikuwa na bibi harusi wa kumvalisha Pretoria. Akanijia na fomu ya proxy, ya kumtuma mtu akupigie kura.

"Mutoto yangu, weye utaenda pa fasi yangu. Habatakukula."

Proxy niliyoijua ni ya computer. Shuleni mtandao umefungwa nusu, wenzangu hupitia proxy: mashine ya katikati, inabeba ombi lako, inakurudishia jibu, yenyewe haina neno. Nikasema moyoni, hii kazi ni yangu kabisa!

(Kwenye Geography tumesoma proxy nyingine, mistari ndani ya shina la mti inayosimama badala ya mvua ambayo hakuna aliyeipima. Na History kuna vita vya proxy, wakubwa wanapigana kwa mikono ya wengine. Nilipomwambia Mama Neema hiyo ya mwisho akacheka kidogo: "Ile niko naijua. Njo ilinileta huku.")

Akasaini, akaweka tiki kwenye HAPANA. Halafu, ili awe salama zaidi, akaandika chini kwa kalamu nene: HAPANA KWA YOTE.

Hapo ndipo tulipokosea, na hatukujua.

Mkutano ulikuwa chini kwenye garage. Mwenyekiti ni Baba Khumalo, dereva wa basi mstaafu. Aliyeleta kanuni ni Sister Thandi, nesi wa zamu ya usiku, anakaa flat ya chini ya Mama Neema. Nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi la maadui.

Akasimama. "Mama sina ugomvi naye. Ila nalala mchana, na ile mashine iko juu ya kitanda changu kabisa. Eish, nimechoka."

Mzee mmoja akapendekeza: badala ya kukataza, tuweke masaa ya kutumia mashine. Baba Khumalo akaitisha kura ya masaa kwanza. Mikono ikagawanyika sawa kwa sawa.

Akanigeukia. "Proxy wa Mama Neema, unasemaje?"

Karatasi yangu inasema hapana kwa yote. Nikiifuata, masaa yanakufa, inabaki kanuni ya kukataza kabisa. Na nilishaangalia nyuso za watu. Ingepita.

Nikakumbuka nikaha ya binamu yangu, mtaa wa Mayfair hapahapa Johannesburg. Bwana harusi alikuwa Tanga, kaka yake akasimama kama wakili wake. Mahari yaliyotajwa hayakuwa yale aliyotumwa kuyakubali. Hakusema nimekubali. Alitoka nje, akapiga simu, akarudi. Siku ile nilimwona anaharibu sherehe.

"Naomba nimpigie," nikasema.

"Sauti, mtoto!" akasema Baba Khumalo.

"NAOMBA NIMPIGIE!"

Garage nzima ikacheka. Hata mimi nilishtuka.

Mama Neema alipokea akiwa na pini mdomoni. Nikamweka loudspeaker, nikamweleza haraka.

"Hapana kwa yote, niliandika!"

"Mama, ukisema hapana kwa masaa, watakataza kabisa."

Akauliza: "Sister analala mpaka saa ngapi?"

Sikujua. Nikamuuliza Sister Thandi kwa isiZulu. Akajibu, saa nane mchana. Nikarudisha kwa Kiswahili.

"Yesu wangu! Na miye nilikuwa naanza saa mbili asubuhi. Mbona hakuniambia?"

Nikalipeleka swali. Sister Thandi akasema aligonga mara mbili, mashine ikameza hodi yake.

"Basi asubuhi nitakata vitambaa. Mukasi hauna kelele. Nitashona kutoka saa nane."

Baba Khumalo akataka ruhusa ya kuiacha ile HAPANA iwe kwa maandishi. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: mutoto aamue pa fasi yangu. Nikamtafsiria Baba Khumalo, akautazama mara mbili, akasema sharp, yaani sawa.

Nikanyoosha mkono. Masaa yakapita kwa kura moja.

Nilichojifunza: ukitumwa kusimama badala ya mtu, mwulize anataka kulinda nini, usiishie kwenye tiki. Na ukiwa wewe ndiye unayetuma, achia nafasi kidogo kwenye karatasi, kwa sababu mambo yatageuka wewe ukiwa hauko.

Aibu bado ninayo. Ila leo nimeandika uzi.

Saa nane imefika sasa hivi, naisikia cherehani inaanza.

Kama kuna mtu humu alishawahi kusema kwa niaba ya mwenzake halafu mambo yakageuka katikati, aniambie alifanyaje. Nitajibu wote, hata kama ni kwa sauti ndogo.