Fundi Vitasa Kituoni

Fundi Vitasa hakumwamini mtu, na kazi yake ndiyo iliyomfunza hivyo. Miaka ishirini na sita amebadilisha vitasa vya watu: mke kamfungia mume nje, ndugu wanagombea nyumba ya marehemu baba yao. "Mlango haudanganyi," alizoea kusema. "Mwenye mlango sasa!"

Basi duka la sonara lilipoibiwa, mlango hauna hata mkwaruzo, akaitwa kituoni. Hakuiba hata pete, lakini alijua wanamshuku yeye, na kwamba wakimtia hatiani kifungo chake si cha mwezi mmoja. Dada yake akamshika mkono. "Kaka, nakujua na domo lako. Usijibu kitu mpaka nije na wakili. Ni haki yako."

"Kwani mimi mtoto, dada?"

Mpelelezi alimpokea kama shemeji: kiti, chai, pole na jua. Haki ya wakili aliitaja mbiombio, kama anasoma karatasi ya dawa, kisha akaongeza, "Ila wakili ni wa mwenye la kuficha, fundi. Wewe unalo?"

Loo! Mtego ule hata kipofu angeuona. Fundi aliinusa ile chai, akaisogeza kando.

"Namsubiri wakili."

Akaulizwa habari za watoto. "Namsubiri wakili." Akaulizwa za mvua, jibu lilelile. Alijisifu kimoyomoyo: leo wamekutana na kiboko yao.

Mpelelezi akachoka, au alijifanya kachoka. Akafunga faili, akamgeukia mwenzake aliyekaa mlangoni. "Mwizi mwenyewe wa kubahatisha tu. Kachokonoa kwa bisibisi, kitasa kikaachia."

"Bisibisi?" Fundi aliruka kitini. Jamani, si angeuma ulimi! "Bisibisi, afande? Kitasa kile nilikifunga kwa mikono yangu, kina pini saba! Kwa bisibisi hukifungui hata ukeshe. Mji huu mzima, wa kukifungua bila mkwaruzo ni mimi peke yangu, tena dakika mbili tu!"

Faili lilikuwa limeshafunguliwa tena, kalamu inakimbia. Ukurasa ulikuwa umejaa nusu dada alipoingia na wakili, wote wanahema.

"Umewaambia chochote?" wakili akauliza.

Fundi alitazama ile kalamu.

"Sijawaambia kitu," akasema. "Nimewasahihisha tu."